Tulimwonyesha Nanjala Kaburi Lako

Mpendwa Baba,

Mvua imeshika Kitale na mahindi ya majirani yamefika magotini. Najua ungetaka kusikia hilo kwanza, ndiyo maana nimelitanguliza. Halafu ungeuliza kama neti ya kuchezea imeanuliwa isije ikaoza. Niliifungua mwenyewe kutoka kwenye mti wa parachichi, nikaikunja, nikaiweka stoo juu ya magunia. Kisha ungeuliza Nanjala anaendeleaje, na hapo ndipo nimekaa na kalamu tangu asubuhi bila kujua pa kuanzia.

Naiandika barua hii wazi, aisome yeyote, kwa sababu wewe huwezi kuisoma na mimi siwezi kunyamaza. Watu wa Kitale watakujua. Watasema, aa, yule mzee wa raketi. Wasiokujua nitawaeleza kidogo, na uniwie radhi, maana hukupenda kusifiwa na mtu asiyejua hata kuhesabu seti.

Ulikuwa karani wa serikali mchana na mchezaji wakati mwingine wote. Baiskeli yako ilibeba raketi mbili zilizofungwa kwenye fremu kwa kipande cha tyubu, moja ya tenisi na moja ya badminton, na sisi hatukujua umetoka kucheza wapi hadi tuone umerudi na vumbi gani. Vumbi jekundu lilikuwa la klabu. Vumbi jeupe lilikuwa la ukumbi wa kanisa. Siku za mvua ulienda kugongesha mpira ukutani katika chumba kile cha skwoshi kilichovuja, na ukikosa mtu wa kucheza naye uliivuta meza yetu ya chakula katikati ya sebule, ukafunga kamba, ukamwita mdogo wangu wa kiume mje mcheze tenisi ya meza. Mama alikuwa akisimama mlangoni na sinia ya ugali akingoja mmalize gemu. Wakati mwingine ugali ulipoa.

Tena ulikuwa mtu mgumu, Baba, tusidanganyane. Hukumpa mtu pointi. Pasta alikuja kucheza na wewe mara moja, ukamnyuka seti nzima bila kumwachia hata gemu moja, kisha ukamkaribisha chai kana kwamba hakuna kilichotokea. Bosi wako naye ulimtoa jasho mbele ya mkewe. Mama husema ulianza kumtongoza siku uliyomshinda vibaya mpaka akaitupa raketi chini. Ati ulimwokotea, ukamwambia, "Unakasirika vizuri." Nami nilipokuwa mdogo nililia kwa sababu hukuniachia hata mpira mmoja, na hukunibembeleza. Uliniambia, "Nikikuachia, utajuaje siku umeshinda?" Nilikuchukia jioni nzima.

Kisha akazaliwa Nanjala.

Kwa wasiomjua, Nanjala ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno yalipokuja yalikuja machache yakabaki hayo hayo. Sasa ni mtu mzima, ana mvi kadhaa hapa pembeni, lakini kamba za viatu bado tunamfungia. Daktari alikuambia mapema kwamba hali itakuwa hiyo. Wengine walikuambia mengine, na kuna shangazi aliyeuliza Mama alikula nini alipokuwa mjamzito. Ulirudi nyumbani siku ile bila kumsemesha mtu. Ukachukua gunzi la mahindi, ukalikata kipande, ukalichomeka manyoya ya jogoo kuzunguka, ukatupa juu uone kama litapaa. Likapaa. Ukamwekea Nanjala raketi mkononi na hakuweza kuishika, basi ukavifunga vidole vyake kwa vidole vyako. Hiyo ndiyo ikawa kazi ya jioni zako.

Neti uliishona kwa magunia ya vitunguu, ukaifunga upande mmoja kwenye parachichi na upande wa pili kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Kinyoya chenu hicho cha gunzi hakikuwa na pointi wala seti. Wewe uliyegombana na watu wazima klabuni juu ya mpira kama uligusa laini au haukugusa, ulikuwa ukikimbia huku na huko uani, ukiinama, ukijinyoosha, mara nyingine ukianguka kabisa, ili tu kinyoya kisifike chini. Nanjala alikipiga popote, kikaenda juu ya paa, kikaenda kwa kuku, kikampata Mama akikamua ng'ombe. Wewe ulikifuata huko huko ukakirudisha polepole mbele ya raketi yake, pale pale anapokipenda, ili akipige tena. Nimekuona ukicheza fainali na watu wamesimama wanakushangilia. Sikuwahi kukuona ukicheza vizuri kama ulivyocheza pale uani, na hakukuwa na mtu wa kutazama ila mimi, Mama na ng'ombe.

Mwaka jana kiharusi kikakupiga. Mkono wa kulia ukalala. Nilikuja mbio kutoka Bungoma, kazini kwangu, nikakukuta umekaa kitandani ukiutazama mkono ule kama mgeni aliyekataa kurudi kwao. Hukutaka kula. Hukutaka redio. Uliniuliza mara moja tu, kwa sauti ambayo sikuizoea, "Nekesa, sasa mimi ni mtu wa nini?" Nikatafuta la kukujibu nikakosa. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na ofisi yenye kiti cha kuzunguka, nikakosa.

Jioni Nanjala akaingia na raketi mbili. Moja akakuwekea kwenye mkono ule uliolala. Ikaanguka. Akaiokota, akaiweka tena, ikaanguka tena. Mama alitaka kumtoa nje, ukasema, "Mwache." Ukaichukua kwa mkono wa kushoto. Tulikubeba na kiti chako hadi uani, na pigo lako la kwanza lilipiga hewa, kinyoya kikakugonga kwenye pua. Nanjala alicheka mpaka akakaa chini. Wewe ukacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na mate yakakutoka, na Mama akageuka akajifanya anafukuza kuku. Baada ya miezi michache mkono wa kushoto ulikuwa umejifunza. Ulikuwa ukipiga ukiwa umekaa, na Nanjala ndiye aliyekuwa akikimbia kuokota.

Kiharusi cha pili kilikuja mchana. Jirani yetu Mama Zulfa ndiye aliyeita tuk-tuk ya kukupeleka hospitali, na Nanjala alikuwa amesimama langoni na raketi zake, maana kwake jioni ilikuwa inakaribia. Ulikuwa bado unaweza kusema kidogo. Ulimwambia, "Nakuja. Usianze bila mimi." Ndiyo maneno uliyomwambia kila siku ukienda dukani au kanisani au kunyolewa, hata sisi wengine hatukuyasikia tena kwa kuyazoea. Mama Zulfa anasema Nanjala alikupungia raketi mpaka tuk-tuk ikakata kona. Hukurudi.

Sasa nikueleze mazishi yako, kwa kuwa ulikuwepo na hukuwepo. Tulikutana pale nyumbani Kitale kupanga safari ya kukupeleka Malakisi, kwa watu wako, na kaka yako, baba mkubwa Wekesa, akasema neno moja lililotumaliza. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Huyu mtoto tumwache hapa Kitare," alisema juu ya Nanjala. "Si mnakumbuka matanga ya kukhu? Arienda kwa jeneza akatoa kitambaa, ati anaamsha nyanya yake. Watu waricheka. Mimi sitaki ndugu yangu achekwe."

Alilia akisema hivyo, kwa hiyo sikuweza hata kumkasirikia sawasawa. Nilisema Nanjala ni mtoto wako kama sisi na anapaswa kwenda. Nikasema tena. Wazee wakanikumbusha kwa upole kwamba mimi nimeolewa na mambo ya boma yana wenyewe. Mama alikuwa amelazwa chumbani na akina mama wa kanisa na hakuwa na nguvu za kubishana na mtu. Basi Nanjala akaachwa kwa Mama Zulfa, ambaye anampenda na humpikia mahamri, na sisi tukaondoka na jeneza.

Malakisi walikuja watu wengi, Baba, ungeona haya. Vikombe vyako vilipangwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe karibu na picha yako. Msema chochote aliyeongoza shughuli hakujua tenisi na badminton zinatofautiana wapi, akazitaja zote kwa jina moja na hakuna aliyemrekebisha. Diwani alizungumza. Mgombea wa udiwani akazungumza muda mrefu zaidi. Kisha watoto wa marehemu tukaitwa tusimame mbele, mmoja mmoja kwa jina, na yule msema chochote akafika mwisho wa karatasi.

"Na Nanjala?" aliuliza kwenye kipaza sauti. "Nanjala ako wapi? Asimame tumuone, bana."

Watu wakageuza shingo. Palikuwa na pengo karibu yangu, pale ambapo mtu angesimama.

"Huyo ako sawa," baba mkubwa alisema kutoka kwenye kiti chake. "Enderea."

Akaendelea. Tulipofika kaburini nilitupa konzi yangu ya udongo, kisha nikatupa nyingine kwa niaba yake. Nilidhani inawezekana.

Tuliporudi Kitale tulimkuta langoni na raketi mbili. Mama Zulfa alituambia amekuwa akisimama hapo kila jioni, analetwa ndani kwa nguvu giza likiingia. Alitutazama tukishuka, mmoja baada ya mwingine, akahakikisha gari limeisha watu, akarudi kusimama.

Pasta alikuja kumweleza. Alimwambia kwa sauti nzuri kwamba Baba ameenda kwa Yesu. Nanjala alifurahi sana, kwa sababu kwa Yesu anapajua, tunampeleka kila Jumapili. Jumapili ilipofika alipita katikati ya waumini wakiimba, akapanda madhabahuni, akafunua pazia, akaangalia nyuma yake. Akakuta viti vilivyopangwa na ndoo ya kupigia deki. Alirudi akakaa karibu na Mama, na nilidhani amelielewa jambo, lakini jioni alikuwa langoni tena.

Nikajaribu mimi. Nilimkalisha kwenye benchi la jikoni, nikamshika mikono.

"Nanjala, Baba amekufa."

"Najua. Amekufa."

"Hatarudi."

"Eeh. Atakuja jioni."

Nilichukua raketi moja ili nicheze naye, nikidhani labda mikono itamsahaulisha. Akaninyang'anya bila hasira, akairudisha kwenye benchi. "Ya Baba," akasema. "Tusianze." Nilikukasirikia siku hiyo, nakuambia ukweli. Nilikukasirikia kwa kumpenda mtu namna ile na kwenda.

Kisha mvua zikaanza, na hizi za Kitale unazijua, zikianza zinaanza mchana na hazina huruma na mtu aliyesimama. Mimi nilikuwa nimerudi Bungoma kazini. Mama akanipigia simu.

"Njoo, Nekesa. Huyu mtoto amekataa kutoka kwa mvua. Namfunika na karatasi ya nailoni anatupa. Sasa hata mimi nimenyeshewa. Sina nguvu ya kumvuta."

"Funga mlango, Mama."

"Nilifunga jana. Aligonga mpaka mkono ukafura."

Niliomba ruhusa nikaja. Nilimkuta Nanjala kitandani na homa ya mapafu, kifua kinapanda na kushuka kwa taabu, na bado jioni alijaribu kuamka. Daktari wa zahanati alinivuta kando akaniambia akinyeshewa tena namna hiyo, tusilete lawama kwake. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimekuzika wewe, na nilijua sitaweza kurudi Malakisi kwa kazi ile ile mwaka mmoja.

Nilimpigia baba mkubwa. Nilimweleza habari ya mvua na homa.

"Mrete aone kaburi," akasema. "Mtu hajaona, ataamini aje? Hata mimi nirizika mwenyewe na bado nasikia kama ndugu yangu atapiga simu."

Tukangoja kifua kipone. Mwana wa Mama Zulfa akatupatia gari lake la Probox na kutuendesha mwenyewe. Mama alikuja, ingawa alikuwa amebaki na kikohozi tangu siku zile za karatasi ya nailoni. Nanjala alitaka kukaa mbele. Alivaa viatu vyake vyeupe vya kuchezea na akabeba raketi zote mbili mapajani, na tulipotoka langoni akamwambia dereva, kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu uondoke, "Twende tuchukue Baba." Kijana wa watu alinitazama kwenye kioo. Nikatazama nje. Tulipita Kimilili, tukapita Chwele, na kila tulipopunguza mwendo aliuliza, "Hapa?" Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso, akijifanya amelala.

Saruji ilikuwa haijawekwa bado. Udongo ulikuwa umedidimia kwa mvua na majani yameanza kuota juu yake, na ng'ambo ya ua banda la zamani la kukaushia tumbaku lilikuwa limeinama lilivyozoea. Baba mkubwa alikuja kutupokea, akavua kofia. Nanjala alimwamkua vizuri, akaingia nyumbani, akatazama chumba kwa chumba, akatoka.

"Baba ako wapi?"

Nikamshika mkono nikampeleka. "Ako hapa."

Akalitazama tuta. Akalizunguka lote, akaja akasimama pale alipoanzia.

"Ndani?"

"Eeh, ndani."

"Anatokea wapi?"

Baba mkubwa alikuwa akiikunja kofia na kuikunjua. Nanjala akazunguka tena, safari hii ameinama, akitafuta mlango, na mara moja akachokoa majani kwa mpini wa raketi kuona kama kuna kitu chini yake.

"Hakuna mlango, Nanjala," nikamwambia. "Hatoki."

"Kesho?"

"Hata kesho."

"Jumapili?"

"Hata Jumapili. Hatoki tena."

Niliona linaingia. Sijui niseme vipi. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nikimwambia maneno, na maneno yalikuwa yakimpita, na sasa nilimwona usoni likiingia na kukaa. Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nilikuwa na leso mkononi, na Mama alikuwa amesogea ili amshike. Akauliza kitu ambacho sikuwa nimejiandaa nacho hata kidogo.

"Nani aliweka yeye?"

Mama akasema, "Mungu, mwanangu."

Nanjala akatikisa kichwa. Mungu hana jembe, hata yeye anajua. Akamtazama baba mkubwa. "Wewe?"

Mzee wa watu akainamisha kichwa. "Ni sisi," akasema. "Ni sisi wote."

"Mama?"

"Na Mama arikuwa."

Akanigeukia mimi. Nilidhani kwa kuwa nilikuwa nimeamua kumwambia ukweli, basi niumalize.

"Na mimi," nikasema. "Nilitupa udongo."

Akaziweka raketi zile chini, zikabaki pale kwenye majani. Hakuziweka kama zawadi, Baba, nisije nikakupamba uwongo. Aliziacha tu, kama mtu anavyoacha kitu kisicho na kazi. Akamshika Mama mkono akampeleka kwenye gari, akamkalisha nyuma, akakaa karibu yake, na safari nzima ya kurudi Kitale hakuuachia huo mkono.

Jioni iliyofuata hakwenda langoni. Wala iliyofuata. Mama Zulfa alisema alhamdulillahi. Pasta alipiga simu akasema sala zimejibiwa. Baba mkubwa naye aliuliza na nikamwambia ndiyo, amekubali, na nikamsikia akishusha pumzi. Mimi ndiye niliyetoka kuifungua neti. Nilikuwa nimeomba kwa magoti aache kukungoja, akaacha, na nilipokuwa nikifungua fundo pale kwenye parachichi niligundua kwamba hapakubaki mtu mwingine yeyote duniani aliyekuwa na hakika kwamba utarudi. Ulikufa hospitalini, tukakuzika Malakisi, lakini Baba, nilihisi umenifia jioni ile uani.

Nilidhani hapo ndipo mwisho, na ningeweza kuikubali hata hiyo. Sikujua kwamba kuna jambo jingine Nanjala alilorudi nalo.

Kikohozi cha Mama kimezidi. Amelala tangu juzi, anakula kidogo, daktari amempa dawa na anasema atapona akipumzika. Mimi nimechukua likizo nimuuguze. Jana asubuhi nilimpikia uji, nikaupeleka chumbani, nikamkuta Nanjala amesimama mlangoni amepanua mikono yote miwili, ameziba njia.

"Nipishe, Nanjala. Uji wa Mama."

Hakusogea. Huyu ni mtu niliyembeba mgongoni, niliyemfundisha kunawa uso, anayenichagulia mimi kipande kikubwa cha viazi.

"Usiweke Mama," akasema.

Nilimwambia Mama ni mgonjwa kidogo tu. Nilimwambia nampenda Mama, na kwamba nilikupenda wewe, na kwamba watu huwekwa wakishakufa, si kabla. Kila nilivyosema alizidi kunikazia macho, na nilipopiga hatua moja akaanza kulia kwa sauti, kile kilio nilichokingoja Malakisi na kisije. Kutoka ndani Mama akaniambia, kwa kukohoa, niache uji chini niondoke. Nikauacha sakafuni. Nanjala alingoja nifike mbali, akauinua, akaunusa, akaingia nao na kufunga mlango.

Leo vilevile. Naandika haya nikiwa jikoni. Nawasikia wawili hao kule chumbani, Mama akikohoa na Nanjala akimwambia amka, amka. Wewe ungejua la kumwambia. Hukuwa na maneno mengi, lakini ulimjua, ungeingia na kitu mkononi, na saa hii wangekuwa wanacheka. Mimi nilimpa ukweli peke yake, na sasa ananiogopa, na sijui kama atakuja kuacha. Nimekaa hapa na uji mwingine jikoni, sina wa kuupeleka.

Sijui namna ya kukuaga, Baba. Baki salama hapo tulipokuweka.

Mwanao wa kwanza,
dada yake Nanjala